Posa ya Kijiko cha Kwanza

Nchi yetu inaitwa Karibuni. Ukiitafuta kwenye ramani usiione, usiilaumu ramani. Iliomba kutuonyesha, ombi lake likakataliwa, na sababu haikutolewa. Vinginevyo tuko salama. Juu ya kila mlango wa serikali pameandikwa maneno ya kukaribisha kwa rangi ya dhahabu, na mlango wenyewe hufunguka kutoka ndani tu. Wanasema ni mambo ya usalama, nami sina haja ya kuhoji, kwani mwenye haja ya kuhoji hujaza ombi, na maombi ya kuhoji yamesitishwa.

Nataka kuwasimulia habari za Siwatu, mama mwenye mtoto mchanga wa mtaani kwetu, mjue jinsi serikali inavyotujali hata sisi tusio na cha kujaliwa.

Ilianza hivi. Mkuu wa Nchi, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa ni refu na siku ni fupi, alikuwa amekaa na simu yake, akafungua ukurasa wa mzee mmoja aliyekuwa akieleza namna ya kufukuza mchwa. Mkuu akausoma mpaka mwisho. Hakuona tangazo. Hakuona sabuni, wala mkopo, wala kile kiatu kinachozungukazunguka pembeni. Akafuta jasho.

"Huyu mtu anafundisha bure," alisema. "Anataka nini?"

Wasaidizi wakamchunguza mzee kujua anataka nini. Hawakukiona anachotaka, na hilo ndilo lililowatisha zaidi. Kabla mvua hazijanyesha ikapitishwa Sheria ya Ndoa za Kurasa. Kila ukurasa wa mtandao lazima uoe bidhaa. Bidhaa ikae kwenye ukurasa kama mke kwa mumewe, mteja akipita hapo akanunua, mwenye ukurasa apewe kamisheni, na serikali ipewe yake kwa kuwa shahidi. Ukurasa ukitimiza mwaka haujaoa, ni mseja. Ukurasa mseja hufutwa.

Na kwa kuwa sisi ni watu wa adabu, posa haipelekwi kiholela. Hupelekwa na mshenga mwenye leseni, kwa barua, na lugha ya heshima. Mwenye bidhaa akikataa, hatoi sababu. Tangu lini mkwe akaulizwa sababu? Anasema tu neno la kistaarabu, na aliyekataliwa anashukuru, kisha anaondoka kwa kurudi kinyumenyume.

Sasa, Siwatu alikuwa na binti mmoja, Kidawa. Kidawa alipofika umri wa kuanza kula alifumba mdomo kama mlinzi wa wizara. Siwatu akajaribu uji, akajaribu ndizi, akalia, akajaribu tena. Mwisho akagundua mwenyewe kwamba mtoto hakatai chakula, anakataa kuharakishwa. Unachemsha boga kwa mvuke, unaliponda kwa uma, unatia kijiko kimoja tu, kisha unamwachia aliguse, alichafue, alipake nywele kama anataka. Kidawa akapaka nywele. Halafu akafungua mdomo.

Mama mwingine angemshukuru Mungu akanyamaza. Lakini Siwatu alikuwa akihudhuria masomo ya jioni, kwenye darasa lenye kompyuta moja na wanafunzi wa kutosha kuizunguka. Alijifunza kutengeneza ukurasa huku Kidawa akinyonya. Akaupa jina Kijiko cha Kwanza, akaandika humo yote aliyoyajua juu ya kulisha watoto wachanga, pamoja na mengine aliyoyauliza kwa wauguzi wa kliniki mpaka wakawa wanamkimbia.

Kina mama wakaanza kuja, mmoja mmoja, kutoka mitaa na milima ambako kliniki iko mbali kuliko bando.

"Dada, wangu anatema."

"Dada, uji wangu una madonge, nimekosea wapi?"

"Dada, mama mkwe anasema nimpe mtoto supu ya pilipili aimarike. Nimwambieje bila kufukuzwa?"

Siwatu aliwajibu wote, mkono mmoja kwenye simu, mwingine umembeba Kidawa. Kilikuwa kitu cha kwanza maishani alichokitengeneza kwa elimu yake mwenyewe, na kilikuwa kinafanya kazi. Usiku alipolala alikuwa anatabasamu gizani. Hakujua kama kutabasamu gizani kunahitaji kibali. Hakuuliza.

Ndipo ikaja taarifa ya wizara.

"Ndugu Mwenye Ukurasa. Tunakupongeza kwa kuwa mseja. Una muda mpaka mwisho wa masika kuoa, vinginevyo utafutwa. Ubarikiwe."

Siwatu aliisoma mara mbili kutafuta kama kitakachofutwa ni ukurasa au ni yeye. Taarifa haikufafanua.

*

Mshenga aliyepangiwa mtaa wetu alikuwa Bwana Machano, mtu wa makamo mwenye kanzu safi, koti la zamani na mwavuli asioufungua hata mvua ikinyesha, kwa kuwa ni wa ofisi. Alikuja asubuhi.

"Hodi humu."

"Karibu, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye mama wa kijana?"

"Kijana gani, baba? Mimi nina binti tu, huyu hapa."

"Kijana ukurasa." Akakaa, akatoa kalamu. "Ana umri gani?"

"Hajafikisha mwaka."

"Anakaa wapi?"

"Ile huduma ya bure, baba. Wanakupa sehemu, unaandika."

"Yaani amepanga."

"Amehifadhiwa."

"Amepanga bure, ndiyo mbaya zaidi. Anayepanga kwa kodi angalau ana aibu kidogo." Akaandika. "Wanaomtembelea ni nani?"

"Kina mama."

"Kina mama wenye uwezo?"

"Kina mama wenye watoto."

Bwana Machano aliandika neno, akalitazama, akalikata. "Na umemwona mchumba gani?"

Siwatu alikuwa amemwona. Kampuni ya Bebeleo walikuwa wanatengeneza chakula cha watoto cha kwenye chupa, na pia vijiko vyenye ncha laini ambavyo havimuumizi mtoto ufizi. Chakula chao hakukijali, lakini vijiko alivipenda kwa moyo.

"Hata bila sheria ningevisifu," alisema.

"Hilo usiliandike," alisema mshenga. "Wakijua unavipenda watadhani umeshanunua."

Kulikuwa na sehemu moja ya barua inayomtaka mwombaji aeleze atatumia njia gani kuitangaza bidhaa. Siwatu akafikiri sana, akamtazama Kidawa, akaandika: kwa ukweli.

Bwana Machano akaichukua barua, akaenda mpaka ofisi za Bebeleo, akasimama mbele ya mashine inayopokea posa, kwa kuwa wakwe wa siku hizi wana shughuli nyingi. Akakohoa. "Sisi ni wageni wenu," akaanza, "tumepita njia, tukaona kijiko kizuri kwenye rafu yenu..."

Mashine ilijibu kabla hajafika kwenye kijiko. "Kwanza asante. Pili hongera. Tatu, bidhaa zetu bado zinasoma."

*

Habari ilipofika mtaani, Bi Zawena, mwenyekiti wa upatu wa kina mama, alikuja kwa Siwatu na kanga yake begani, akamkuta Bwana Machano, akajitupa kwenye kiti.

"Kijiko kinasoma nini?"

"Ndivyo walivyosema, bibi," alijibu Siwatu.

"Kinasoma wapi? Mimi nina vijiko tangu naolewa, hakuna hata kimoja kilichofika darasa la kwanza."

"Ni heshima tu, Bi Zawena," alisema Bwana Machano. "Ni namna ya kukataa bila kukataa."

"Basi tuambie sababu."

Mshenga akatazama mlangoni. Kuuliza sababu kwetu ni kumvunjia heshima aliyekukataa, na kuna kifungu chake. Lakini Bwana Machano alikuwa mtu mwema. Alikuwa amechungulia kioo cha mashine.

"Umri," alisema. "Bebeleo hawaozi kwa ukurasa ulio chini ya miaka miwili. Wanasema haujakomaa, hujui kesho utaamka ukiwa nini."

Siwatu akampakata Kidawa vizuri. "Lakini baba, ukurasa usiooa unafutwa ukifikisha mwaka."

"Kweli."

"Basi unafikishaje miaka miwili?"

"Kwa kuoa kabla ya mwaka."

"Na unaoaje kabla ya mwaka?"

"Kwa kuwa na miaka miwili." Alisema hivyo bila ubaya wowote, kama mtu anayekuelekeza njia ya sokoni.

Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimeenda kuomba chumvi, na nawaambia sheria ile ilikuwa imekaa vizuri kabisa. Haikuwa na hata ufa wa kupitisha kidole.

"Ila," alisema Bwana Machano, "ukurasa mchanga husamehewa umri ukiwa na umati. Ukiwa na watu wengi wa kuutembelea, mashine hulainika."

Bi Zawena aliinuka kwenye kiti kama aliyeitwa jina. "Watu? Kumbe shida ni watu?"

Lazima mtuelewe. Mtaani kwetu mtu anaweza kukosa chakula, kazi, hata mlango, lakini watu hakosi. Ukifiwa tunajaa. Ukioza binti tunajaa. Ukiwa na kesi mahakamani tunajaa mpaka hakimu anaomba hewa. Mwenzako akiwa na shughuli unaenda, nawe ukiwa na yako anakuja, na asiyekwenda hukumbukwa. Hatukujua kwamba huko kwingine watu kuitana ni kosa.

Ijumaa ile ua wa Bi Zawena ulijaa. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na bando la mwezi, basi kina mama wote wakajiunga na simu yake, wakapewa anwani ya Kijiko cha Kwanza. Mmoja alinawa mikono kabla ya kuingia.

"Nimeingia. Natoka vipi?"

"Usitoke, shoga, kaa humo humo."

"Na mimi nibofye wapi?"

"Bofya kila mahali. Uonekane umekuja."

"Nimebofya boga."

"Libofye tena, jirani. Arusi haiendwi mara moja."

Wakaingia na kutoka, wakaingia tena, na wengine wakapiga vigelegele kila walipofungua. Bi Zawena alipita katikati yao akihakikisha hakuna anayelala. Siwatu alikaa kizingitini na Kidawa, akiitazama ile namba ya wageni ikipanda, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepandishwa juu ya mabega.

Jumatatu akaitwa wizarani.

*

Shauri lilisikilizwa na Naibu Waziri wa Posa mwenyewe, Mheshimiwa Dokta Lukindo, aliyepewa udokta na kamati aliyoiteua. Alikuwa na sauti nzuri. Hata alipokuwa anaomba maji ulihisi nchi inasonga mbele.

"Mama," alisema, "Taifa limesikitika. Ukurasa wako umetembelewa na umati wa watu wenye pua moja."

"Pua moja, mheshimiwa?"

"Wote wametoka simu moja, ua mmoja, saa moja. Mmoja wao amebofya boga mara nyingi kuliko idadi ya maboga nchini. Hawa watu ni wa kweli?"

"Ni wa kweli, mheshimiwa. Wako hapo nje." Na kweli tulikuwa nje, tumejaa.

"Walikuja kwa nini?"

"Niliwaomba."

Mheshimiwa akageukia makarani kuhakikisha wamesikia. "Aliwaomba. Mama, mgeni halali wa mtandao ni yule anayekuja bila kuombwa, bila kujuana na mwenyeji, bila sababu, akitafuta kitu kingine. Huyo ndiye anayenunua. Anayekuja kwa upendo hanunui, anakula anaondoka."

"Lakini wapo wengine, mheshimiwa. Wa milimani. Hao sikuwaomba. Walikuja kwa shida zao, mmoja mmoja."

"Hao tumewaona. Ni wachache, simu zao ni za zamani, na wakishajibiwa wanaondoka wameridhika." Akavua miwani kwa huzuni. "Umewafanya nini mpaka wanaridhika?"

Siwatu alitaka kusema kwamba amewafundisha kuponda boga, lakini palepale mbele ya meza ile ilionekana ni kama kukiri.

Hukumu ikawa ya huruma. Namba ya wageni ikarudishwa sifuri, ya haramu pamoja na ya halali, kwa kuwa mashine haikuweza kuzitenganisha. Ukurasa ukapigwa doa. Lakini kwa kuzingatia kwamba mshtakiwa ni mama, na mama ni nguzo, akaruhusiwa kuposa mara moja ya mwisho.

"Nchi hii haimkatai mtu," alisema Mheshimiwa. "Inamkatalia tu."

Makarani wakapiga makofi. Nje tukapiga pia, tukidhani ameshinda.

*

Bwana Machano alikuja safari hii na ushauri. Katika posa za watu, bibi harusi huwa na kungwi wa kumfunda. Huku anayefundwa ni bwana harusi, na kungwi ni ile mashine ya Bebeleo. Mashine ilikuwa imeupitia ukurasa mstari kwa mstari.

"Hapa," alisema mshenga, "panasema unaweza kumpikia mtoto mwenyewe nyumbani."

"Ndiyo, baba. Ndiyo habari yenyewe."

"Bebeleo wanauza chakula cha chupa. Bibi harusi hapendi kukuta sufuria za mke mwingine jikoni."

Siwatu akatoa uji. Akatoa ndizi. Boga aliliacha kwanza, akalizungukazunguka, akaenda kumwangalia Kidawa aliyelala, akarudi akalitoa.

"Na hii picha?"

"Ni mkono wa Kidawa. Ameshika kijiko."

"Mkono una uji."

"Anakula, baba."

"Mashine inasema ni mchafu. Inataka mtoto anayecheka, asiye na chakula mdomoni."

Akaitoa picha. Zikabaki barua za kina mama, maswali yote na majibu yake yote.

"Hizo je, mwanangu?"

"Hizo nazo?"

"Wanauliza sana. Mashine inasema mteja haulizi, mteja anabofya." Bwana Machano alikuwa anaongea akitazama mwavuli wake. "Mimi ni mshenga tu. Nabeba maneno. Siyapiki."

"Nikizitoa, wakirudi watakuta nini?"

"Watakukuta upo. Usipozitoa hawatakukuta kabisa."

Siwatu alifikiri juu ya hilo siku nzima. Alifua, akapika, akafikiri. Alijiambia kwamba cha kwanza ni ukurasa ubaki hai, na ukishaoa, ukishatulia, mtu anaweza kurudisha kidogo kidogo, boga leo, uji kesho, nani atajua. Mwenye matumaini hupanga hivyo. Hata Bi Zawena, ambaye hana tabia ya kukubali, alisema, "Toa tu, Mama Kidawa. Nyumba ikibaki, vyombo vitarudi."

Akazitoa. Kila aliyoitoa aliisoma kwanza kwa sauti, polepole, kama anavyosomewa mtu jina lake kabla ya safari. Ilipotoka ya mwisho, ukurasa ukabaki mweupe na jina lake juu. Kijiko cha Kwanza.

Mashine ikajibu kabla Bwana Machano hajakohoa. Posa imekubaliwa.

*

Arusi ilifanyika kwenye ukumbi wa wizara. Skrini kubwa iliwekwa ukutani, ukurasa wa Siwatu ukaonyeshwa, mweupe pe, na katikati yake ikashuka chupa ya Bebeleo yenye kifuniko cha bluu. Hawakuleta kijiko. Vijiko, walisema, haviozwi kwa kurasa zilizowahi kuwa na doa.

Mheshimiwa Dokta Lukindo alitoa hotuba. "Leo," alisema, "tunashuhudia usafi. Tazameni ukurasa huu. Hauna kelele, hauna malalamiko, hauna mboga. Mwananchi akifika hapa hapotezi muda kusoma. Huu ndio mtandao tunaoutaka. Nawaambia majirani zetu wa nje wanaotuonea wivu: njooni mjifunze." Majirani hawakuwepo, viza zao zilikuwa zimekataliwa.

Tulikula. Tulicheza. Siwatu alisimama pembeni na Kidawa, na kila aliyempongeza alimshukuru. Ukurasa ulikuwa umepona, haufutwi tena, cheti hiki hapa. Nilimwona akitazama skrini, akapeleka mkono kidogo hewani, kama mtu anayetaka kumfuta mtoto mdomo, kisha akaushusha.

Kina mama wa milimani walikuja, kama walivyokuwa wanakuja. Wakakuta chupa. Wakaibofya wakidhani ni mlango, wakaona bei, wakaondoka. Wengine walirudi siku ya pili kuhakikisha hawakukosea anwani. Baada ya hapo hawakurudi, nao hawakuwa na mahali pa kuuliza, kwa kuwa mahali pa kuuliza palitolewa.

Bebeleo wakasubiri wateja. Mashine yao ikaukagua ukurasa tena, mstari kwa mstari, na safari hii haikuchukua muda. Ikaleta talaka yenye salamu nyingi. Kwanza asante. Pili hongera. Tatu, ukurasa huu hauna maudhui yoyote, na Bebeleo hawaozi kwa kurasa tupu.

Masika yalikuwa yamekwisha.

*

Aliyetumwa kuufuta ni Bwana Shekue, Mfutaji Daraja la Pili, mtu mrefu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Kwetu ukurasa haufutwi kwa mbali, hilo lingekuwa utovu wa adabu. Mfutaji huja nyumbani, hukaribishwa, hunywa chai, kisha hufuta mbele ya mwenyewe. Akakaribishwa. Akanywa. Akafungua kompyuta yake ya serikali.

Akatazama. Akashusha kitako kwenye kiti, akatazama tena.

"Mama, hakuna kitu humu."

"Ndiyo, kaka. Vilitolewa vyote."

"Sasa mimi nafuta nini?"

"Futa jina."

"Jina ni la wizara, limeandikishwa. Mimi nafuta maudhui. Taarifa yangu ina sehemu ya kujaza kilichofutwa. Nikiandika hakuna, nitaulizwa nilitumwa kufanya nini, na aliyenituma ataulizwa, na hapendi kuulizwa." Akajikuna kichwa. "Nakuomba uweke kitu."

"Niweke, ili ukifute?"

"Kidogo tu. Chochote ulichokuwa nacho."

Kidawa alikuwa ameshika mguu wa kiti cha Mfutaji, anajiinua, ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Siwatu alimtazama, akavuta kompyuta, akaandika kile kilichokuwa karibu zaidi na mkono wake. *Chukua boga, lioshe, likate vipande.*

Bwana Shekue akasoma. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe. Akakiinua.

"Likiwa na maganda, au bila?"

"Bila."

"Andika hivyo. Taarifa inataka ukamilifu."

Siwatu akaandika hivyo. Mfutaji akausoma ule mstari huku midomo yake ikicheza, kisha akaufuta.

"Endelea."

*Lichemshe kwa mvuke mpaka uma uingie bila nguvu.*

"Kwa mvuke, siyo kwenye maji?"

"Kwenye maji linakuwa rojo. Mtoto anakabwa na haraka, hakabwi na boga. Una mtoto, kaka?"

"Mapacha." Alisema kwa sauti ndogo, akitazama mlango. "Wanafumba midomo. Mama yao amechoka mpaka anawalilia. Tulikuwa na mahali tulipokuwa tunasoma, siku moja tukafungua, tukakuta chupa." Akafuta mstari wa mvuke, taratibu, herufi moja moja. "Andika polepole, dada. Nafuta kwa utaratibu."

Akaandika polepole. Kuponda kwa uma. Kijiko kimoja tu, usimfuate mdomo, mwache aje mwenyewe. Mwache ashike, apake, achafue, nguo zitafuliwa. Akitema, usimwonyeshe uso wa huzuni, pumzika, jaribu kesho. Kila mstari ulikaa kwenye kioo muda wa mtu kuusoma mara mbili, kisha ukaenda. Siwatu hakulia. Alijaribu kukumbuka kama ameacha kitu, na alipokumbuka aliandika, na kilipoandikwa kilifutwa. Alipofika mwisho hakuwa na la kuongeza, na ukurasa ulikuwa mweupe kuliko mwanzo.

Bwana Shekue akafunga kompyuta. Akashukuru kwa chai, akasimama, akafika kizingitini, akageuka.

"Na chumvi?"

"Usitie. Bado wachanga."

Akaitikia kwa kichwa. Akatoa kalamu, akajaza taarifa yake palepale, akiwa amesimama, kwamba ukurasa umefutwa wote mbele ya mwenyewe, na hakuna kilichobaki, wala aliyeondoka nacho.